Sauti ya Mama Niliyoifungia

Mume wangu aliyasoma maandishi yangu mbele ya dada zake wawili, Jumapili moja mchana, tukiwa tumemaliza kula na vibakuli vya mlenda viko bado mezani. Mimi nilikuwa jikoni nasuuza vikombe. Nilimsikia akisoma kwa sauti, nikadhani ni gazeti. Kisha nikayatambua maneno. Yalikuwa yangu.

Nilikuwa nimeandika kuhusu mimba iliyotoka mwaka wa pili wa ndoa yetu. Niliandika kwamba mama mkwe alifika hospitali siku ya tatu, akasimama miguuni pa kitanda na kusema, "Tumbo la mwalimu limezoea chaki, halijui kushika mtoto." Sikumwandikia mtu. Niliandika kwa sababu maneno yale yalikuwa yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na kwenye kompyuta angalau yalipata pa kutua.

Nilitoka jikoni na mikono yenye povu. Mawifi zangu waliangalia chini. Mmoja akasema taratibu, "Kumbe wifi unatuandika." Mume wangu akacheka, akafunga kompyuta, akanisogezea. "Usikasirike, mwalimu. Kama hukutaka tusome, kwa nini umeandika?"

Nilirudi kwenye vikombe vyangu.

Pale shuleni ninapofundisha, hapa hapa Dodoma, kulikuwa na mwalimu mwenzangu wa somo la kompyuta. Sikumwambia yaliyonipata, nilimuuliza tu kama mtu anaweza kufungia maandishi yake. Akaniuliza kama kompyuta ina nywila ya kuingilia. Nikasema ninayo, ila nyumbani nilikuwa naiacha wazi, nyumba ni ya watu wawili. Akatikisa kichwa. Nikaitoa kompyuta begini, akanionyesha jinsi ya kusimba folda, yaani kuifunga kwa ufunguo wa siri: unaibofya kwa kitufe cha kulia, unaingia ndani zaidi, unatia tiki kwenye kiboksi kimoja kidogo, basi. Kwenye kila faili pakatokea kikufuli kidogo cha njano.

"Ukiingia kwa jina lako na pasiwedi yako, yatafunguka yenyewe, hutaona tofauti," alisema. "Akiingia mtu mwingine ataona majina ya mafaili tu. Akitaka kufungua, yatamkatalia. Hata akiichomoa diski akaipeleka kwenye kompyuta nyingine, yatamkatalia."

Nilipenda neno lile, yatamkatalia, na tangu siku ile sikuiacha tena kompyuta wazi nyumbani.

"Ila ufunguo wake, si nywila, ule uliojificha ndani ya kompyuta, uutoe uuhifadhi pembeni," akaongeza, na hapo kengele ikalia, akachukua madaftari yake akaenda darasani. Muda huo huo pembeni mwa kioo ukachomoza ujumbe ukiuliza kama nataka kuhifadhi ufunguo. Kulikuwa na majibu matatu: sasa, baadaye, kamwe. Nami nilikuwa na kipindi. Nikabofya baadaye. Ujumbe ulirudi siku nyingine na nyingine, na kila mara nilibofya baadaye, kama mtu anayefukuza nzi.

Mama yangu alikuwa akiishi kijijini Hombolo. Baba alipofariki alimwachia kipande cha ardhi kisichozaa kitu zaidi ya mtama wa kuokoteza, naye akakipanda zabibu kwa mikono yake, mche kwa mche, akibeba maji kichwani mpaka utosi ukaota kipara. Alitusomesha kwa zabibu zile. Kaka yetu mkubwa alisoma, akapata kazi Singida, akaoa huko. Mimi nikasoma, nikaolewa Miyuji, hapa mjini. Mdogo wetu wa kike hakufika mbali na shule. Alikuwa anauza kwenye duka la mtu mjini, na mama alipoanza kuugua, yeye ndiye aliyeacha kazi akarudi nyumbani. Alimwogesha mama, akampikia uji, na asubuhi kabla mama hajaamka alikuwa shambani anapogoa mizabibu na kupuliza salfa, ile dawa ya njano ya ukungu. Mikono yake ilikuwa na rangi ya njano isiyotoka hata kwa sabuni.

Kaka alikuja Pasaka. Alikaa na mama kidogo, kisha akatoka kulizunguka shamba kwa hatua ndefu, midomo ikichezacheza. Mama alimwona kupitia dirishani.

"Ananipima kaburi huyo," alisema.

Nilikwenda kumwona mama mwezi uliofuata. Mdogo wangu alipotoka na ndoo kwenda bombani, mama akanishika mkono. "Washa hicho kidude chako kinachoshika sauti."

Nikawasha simu, nikaiweka juu ya mto. Alianza kwa Kigogo, akasalimia "Mbukwenyi" kana kwamba watu wamejaa chumbani, kisha akahamia Kiswahili ili wazee wa kanisa ambao si Wagogo nao waelewe. Alisema yeye ni nani, binti wa nani, alizaliwa wapi. Alieleza alivyopanda mizabibu ile, mstari hadi mstari. Mwisho akasema shamba analiacha kwa mwanawe wa mwisho aliyemtunza, na hakuna mtu wa kumwondoa.

Nilipozima, nilimwambia, "Mama, mwambie kaka mwenyewe akija."

"Nimwambie nipate nini? Atakaa hapo kichwani pa kitanda alie mpaka nibadili. Mimi ndiye niliyemzaa, namjua. Mkishanifukia, muwekeeni anisikie. Hapo atabishana na nani?"

"Na mdogo wangu nimwambie?"

"Usimwambie. Uso wake haujui kuficha. Kaka yenu akimtazama tu atajua."

Nilirekodi mara tatu, katika safari tatu. Siku moja aliimba wimbo wa kupalilia, akasahau katikati, akacheka mpaka akakohoa, nami niliacha simu ishike kila kitu, kicheko na kikohozi. Nyumbani nilihamishia sauti zote kwenye folda yangu iliyosimbwa. Vikufuli vikatokea. Kwenye simu nikazifuta, kwa sababu simu yangu mume wangu alikuwa akiishika apendavyo. Nilifikiria kuweka nakala kwenye flashi, nikaghairi. Flashi huazimwa, hudondoka, huokotwa. Nilijiona mtu makini sana.

Na niseme ukweli ambao sikuusema kwa mtu kwa muda mrefu: nilifurahia. Mimi niliyesomewa maneno yangu mezani, sasa nilikuwa na neno zito kuliko yote nyumbani kwetu, na hakuna aliyeweza kulifikia ila mimi.

Mama alifariki shule zikiwa zimefungwa. Mume wangu alikuja kuzika, akarudi Miyuji kazini. Mimi nilibaki Hombolo. Kwa wiki tatu nililala mkeka mmoja na mdogo wangu. Tulichota maji pamoja, tukapokea wageni pamoja. Jioni moja, tukichambua choroko, aliniuliza, "Dada, unafikiri kaka ataniacha hapa?" Nilimwambia, "Usiwe na wasiwasi." Hicho ndicho nilichomwambia. Mama alikuwa ameshazikwa, katazo lake lilikuwa limekwisha, na mimi nikasema usiwe na wasiwasi, nikaendelea kuchambua choroko. Nilitaka asikie siku ile, mbele ya watu wote, kutoka kwenye kompyuta yangu.

Siku ya kuanua tanga ilipokaribia nilimpigia mume wangu simu nikamwomba aje na kompyuta.

"Ya nini msibani?"

"Kuna kitu cha mama humo."

Alinyamaza kidogo. "Sawa," akasema. Baadaye niliukumbuka ule unyamavu wake, nikauelewa.

Tulikaa ndani, sebuleni kwa mama. Walikuwepo mjomba wetu aliyeongoza kikao, mzee wa kanisa, kaka, mdogo wangu, mimi, na mume wangu aliyefika dakika chache kabla ya sala. Kaka alizungumza kwanza. Alizungumza vizuri, kwa upole, kama mtu aliyefanya mazoezi. Ardhi ni ya baba, alisema, na baba ameacha mtoto mmoja wa kiume. Mdogo wetu hatafukuzwa, chumba chake kipo. Lakini shamba lazima liwe na mwenyewe.

Nikasimama. "Mama ameacha neno," nilisema. "Kwa kinywa chake. Ninayo sauti yake hapa."

Mdogo wangu aliinua uso akanitazama, na mama alisema kweli, uso ule haukujua kuficha kitu. Kaka alikunjua mikono yake aliyokuwa ameikunja.

Niliiweka kompyuta juu ya meza nikaiwasha. Haikuniuliza nywila. Ilifunguka moja kwa moja kwenye picha ya kilima chenye majani mabichi ambayo sikuwahi kuiweka. Nikamwinamia mume wangu.

"Umeifanya nini?"

"Ilikuwa nzito, nikaipeleka kwa fundi. Ameipiga windo upya, ameweka mfumo mpya." Alinong'ona bila kunitazama. "Nilitaka kukusaidia."

Niliitafuta folda. Ilikuwepo. Mafaili yalikuwepo yote, kwa majina niliyoyapa mwenyewe, Mama moja, Mama mbili, Mama wimbo, kila moja na kikufuli chake. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikabofya la kwanza. Yakatokea maandishi kwamba sina ruhusa. Nikabofya la pili. Sina ruhusa. Nilitafuta mahali pa kuandika nywila yangu, niliikumbuka herufi kwa herufi, lakini hapakuwa na mahali. Haikuwa inaniuliza chochote. Kwake nilikuwa mtu mwingine.

Sijui nilibofya mara ngapi. Najua mzee wa kanisa alikohoa, na nzi alitembea juu ya kioo, mpaka kaka alipouliza, kwa upole ule ule, "Sauti ya mama imekwenda wapi, mwalimu?"

"Ipo. Imejifunga."

"Imejifunga."

Nikaanza kueleza kwa mdomo. Nikasema mama alirekodi mwenyewe, nikasema alivyosema kuhusu shamba. Sauti yangu ilikuwa inapanda juu kama ya mtu anayedanganya. Kaka alisubiri nimalize. "Sasa," alisema, "haya unatuambia wewe au anatuambia mama?"

Mjomba alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko maneno ya kaka. "Mpwa wangu," alisema, "ungekuja jana ukaniambia mama amesema hivi, ningekusikiliza kama binti yake. Lakini umekuja leo mbele ya watu ukasema mashine itasema. Mashine imekataa. Tukuamini vipi wewe, na shahidi wako amekukana?" Akamgeukia mdogo wangu. "Wewe mama aliwahi kukuambia?"

Mdogo wangu alitikisa kichwa. "Hapana, mjomba. Leo ndiyo nasikia."

Kikao kilikwisha kabla ya saa ya chakula. Shamba lilikwenda kwa kaka.

Nilirudi mjini nikamtafuta yule fundi. Alikuwa mama wa Kirangi kutoka Kondoa, mwenye kibanda kisafi na miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo. Aliikumbuka kompyuta yangu mara tu alipoigeuza.

"Mumeo alisema mwenye kompyuta kasahau pasiwedi," aliniambia. "Akaniomba nimfungulie folda fulani. Nikamwambia haiwezekani, hii imesimbwa. Akasema basi, piga windo upya, huenda itafunguka. Nikamuuliza, kuna vitu muhimu? Akasema hamna, ni mambo ya kike tu." Alivua miwani. "Upande wa pili wa diski sikuugusa. Nilifikiri nakutunzia."

"Sasa fungua."

"Dada yangu, ufunguo ulikuwa kwenye ile windo ya zamani, chini ya jina lako. Nimeifuta na ufunguo wake. Huo ufunguo uliwahi kuutoa ukauweka pembeni? Ilikuuliza?"

"Iliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema baadaye."

Hakunicheka wala hakunikemea. Aliniomba nimwachie kompyuta, akajaribu siku nne, akaandikia mafundi wenzake wa Dar. Siku ya tano alinipigia simu. "Hata aliyekitengeneza kitu hiki hawezi kukufungulia. Ndivyo kilivyokusudiwa."

Mume wangu nilimkuta uani, anakaza nati za baiskeli. Nilimuuliza alikuwa anatafuta nini.

"Nilitaka kujua mke wangu ananificha nini."

"Umejua?"

"Sijajua. Haikufunguka."

"Ni mama yangu alikuwa humo."

Aliweka spana chini. Nadhani kwa dakika ile aliumia kweli. Lakini akasema, "Ungeniambia ni mama, nisingeigusa. Ulifunga kila kitu kwa kufuli moja. Ningejuaje?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumkumbusha Jumapili ile, dada zake, maneno ya mama yake aliyoyasoma kwa kicheko. Nilimkumbusha. Aliinama akaendelea na baiskeli yake. Bado tunaishi pamoja. Tunaamkiana vizuri. Mawifi wakija napika, nakaa nao, sisemi neno moja ambalo ningejuta likirudiwa. Siandiki tena nyumbani, si kwenye kompyuta wala kwenye karatasi, na hata haya nayaandika kwenye ofisi ya walimu, watu wakiwa wamekwenda chai.

Kaka aling'oa mizabibu ndani ya msimu ule ule. Alikata viwanja. Mdogo wangu hakukubali kile chumba. Alihamia Msalato, akaanza kuwapikia chakula mafundi waliokuwa wanajenga huko karibu na uwanja mpya wa ndege. Miezi mingi hakupokea simu zangu. Alipopokea, siku moja, nilimwuliza kama naweza kwenda kumwona. Alisema, "Barabara si ya mtu."

Nilimkuta kwenye banda la mabati, sufuria tatu mbele yake, kanga kiunoni. Mikono ilikuwa imetakata. Alinikaribisha kwenye benchi, akanipa maji, akaendelea kukatakata vitunguu. Tukaongea habari za afya na za mvua. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, "Mdogo wangu, kosa si langu peke yangu. Yule ndiye aliyeifuta kompyuta."

"Shemeji?" Hakuinua macho. "Shemeji alifungiwa na wewe, sawa. Alikusoma mbele za watu, una haki. Kaka mlimfungia, wewe na mama, sawa. Lakini mimi, dada. Wiki tatu tumelala mkeka mmoja. Mimi ulinifungia kwa nini?"

"Mama alisema nisikwambie."

"Mama alikuwa ameshakufa."

Niliyaweka maji chini bila kuyanywa.

"Ungeniwekea nikasikia mara moja tu," alisema. "Hata kama ingefutika kesho yake. Mjomba aliponiuliza ningesema ndiyo, nilimsikia. Tungekuwa wawili. Na hata wangelichukua shamba, mimi ningekuwa nimemsikia."

Alimimina vitunguu kwenye mafuta, vikalia. Akavikoroga kwa muda. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona aibu kuomba, "Alisemaje hasa? Maneno yake yenyewe."

Nikamwambia. Nikasema mama alisema, "Shamba hili la zabibu namwachia mwanangu wa mwisho, maana ndiye aliyeshika mikono yangu iliposhindwa kushika kitu."

Mdogo wangu aliacha kukoroga.

"Siku ya kikao hukusema hivyo. Siku ile ulisema, 'ndiye aliyenitunza.' Ya mikono hukuitaja."

"Alisema yote mawili."

"Alisema lipi kwanza?"

Nilifumba macho nikajaribu kumsikia. Niliona mto, niliona simu juu ya mto, niliona dirisha. Midomo ya mama ilikuwa inacheza. Nilijua alichosema, lakini maneno yenyewe, kwa mpangilio wake, kwa sauti yake, hayakuja, na yale ya mikono, nilipoyageuzageuza, sikuweza tena kuapa kama aliyasema mama au niliyatunga mimi katika zile siku nilizokuwa nikijitetea kichwani.

"Sikumbuki," nilisema.

Wafanyakazi wanne walikuwa wanakuja na kofia zao za plastiki mikononi, wakigombania nani atakaa kivulini. Mdogo wangu alijifuta mikono kwenye kanga, akainuka. "Nipishe benchi, dada," alisema. "Wateja wangu wamefika."